Mstari mmoja kwenye kibao hausemi kwamba banda halina mafua ya ndege

Mhariri,

Kuku wanapoanza kufa kwa wingi, mwenye banda na afisa mifugo wa kata wote wanataka jibu siku hiyo hiyo. Sasa vipo vibao vya kupimia mafua ya ndege vinavyotoa jibu kwa takriban dakika 15, na kwa kuwa watu wamezoea vibao vya aina hiyo kwenye malaria na ujauzito, mstari mmoja unasomwa vilevile: hamna kitu, endeleeni. Sisi tunaofanya kazi katika maabara za mifugo tunaomba nafasi gazetini kwako tueleze kwa nini kusoma hivyo ni hatari kwa ugonjwa huu, na nini kifanyike ili jibu la haraka liwe pia jibu la kweli.

Kibao kina ukanda wenye kingamwili zinazonasa protini ya ndani ya kirusi iitwayo nukleoprotini. Protini hiyo inafanana kwa virusi vyote vya mafua aina A, kundi ambalo mafua ya ndege yamo, kwa hiyo kibao cha kawaida kinaweza kusema tu kwamba mafua A yapo. Hakisemi kama ni H5, H7 au H9, yaani aina ndogo ya kirusi, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua hatua zote zinazofuata. H5 na H7 ndizo zinazoweza kuwa kali na kumaliza banda kwa siku chache. H9N2, ambayo imeshapatikana kwa kuku wa Uganda na Kenya, kwa kawaida hupunguza utagaji na kuleta matatizo ya kupumua bila kuua wengi, isipokuwa ikikutana na ugonjwa mwingine. Kibao huziweka zote kapu moja.

Shida kubwa zaidi ni wingi wa virusi kinaohitaji. Ili mstari wa pili, unaosema kwamba kirusi kipo, uonekane, sampuli lazima iwe na virusi vingi sana, makumi ya maelfu hadi karibu milioni moja kwa mililita kutegemea aina ya kibao. Kipimo cha PCR, kinachozidisha vinasaba vya kirusi kwa mashine, hugundua hata pale penye makumi au mamia tu. Kuku aliyekufa asubuhi hii kwa mafua makali ana koo lililojaa virusi, naye kibao kitamwona mara nyingi. Lakini kuku aliyeambukizwa jana na bado anakula, bata anayebeba kirusi bila dalili, au mzoga wa juzi ulioanza kuoza kwa joto, hao kibao kitawapita. Watu wengi hupima ndege aliye rahisi kukamatwa, ambaye mara nyingi ndiye mzima kuliko wote. Hapo mstari mmoja hauna maana yoyote.

Kwa hiyo kibao kitumike kwa ndege waliokufa punde au walio hoi kabisa, wasipungue watano, kila mmoja na kibao chake. Mistari miwili ikitokea, banda lifungwe saa hiyo hiyo: kuku, mayai, mbolea na trei zisitoke, na sampuli ziende maabara kuthibitishwa. Ukitokea mstari mmoja, hakuna kilichobadilika, sampuli ziende vilevile. Mtu atauliza kibao ni cha nini basi, kama sampuli zitakwenda kwa vyovyote. Ni cha kupata saa kadhaa za mwanzo, ambazo kwenye mafua makali ni kitu kikubwa. Hakijawahi kuwa cha kumwambia mfugaji kwamba yuko salama.

Tahadhari ya upande wa pili ni hii. Vibao visitumike kuchuja kuku wazima sokoni. Chukua mfano wa kibao kinachosema kweli kwa kuku wazima 98 kati ya 100. Ukipima kuku 1,000 wazima katika soko kama Shekilango au Kisutu, utapata takriban 20 wenye mistari miwili bila ugonjwa wowote, na soko zima litafungwa kwa kosa la hesabu.

Vibao navyo huharibika kwa njia zinazojulikana. Vingi vinataka kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 30, na ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hupita hapo mapema sana. Damu au makamasi mazito huziba ukanda, maji hayapandi, na mstari wa uthibiti, ule unaopaswa kutokea daima, hautokei. Kibao hicho ni batili, kitupwe na kipimo kirudiwe. Kibao kilichoachwa nusu saa au zaidi huweza kuonyesha kivuli cha mstari kinachotokana na kukauka, na wapo wanaokisoma kama ugonjwa. Kisomwe kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake, si kabla wala baada.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma zaidi. Majibu yanapochelewa, lawama huenda kwa maabara na mashine. Lakini kuanzia kisanduku kinapofunguliwa mezani hadi jibu la PCR, kazi yenyewe ni kama saa nne. Muda mwingi hupotea kati ya banda na maabara, na sampuli nyingi zisizo na jibu zilishakufa njiani.

Kijiti kiwe cha plastiki chenye ncha ya nyuzi za sanisi, kama poliesta au nailoni. Vijiti vya mbao na vya kusafishia masikio havifai, maana mbao na dawa zilizotumika kuvitengeneza zinaweza kuzuia PCR. Kwa kila ndege zichukuliwe sampuli mbili. Ya kwanza ni ya koo: fungua mdomo, sugua nyuma ya koo na kwenye ufa wa kaakaa mpaka kijiti kilowe ute. Ya pili ni ya tundu la haja: ingiza kijiti, kizungushe mara mbili tatu mpaka kipate rangi ya kinyesi, kisha kung'uta mabonge, kwa sababu kinyesi kingi huzuia PCR. Zisichanganywe kwenye mrija mmoja. Baadhi ya virusi hukaa zaidi kooni, vingine utumboni, na kwa virusi vikali vya H5 vya miaka ya karibuni koo mara nyingi ndilo lenye virusi vingi zaidi. Anayechukua sampuli ya nyuma pekee kwa sababu ni rahisi anajinyima nusu ya nafasi ya kugundua.

Kijiti kiingie kwenye mrija wenye mililita 1 hadi 3 za maji ya kusafirishia virusi, yaani maji ya chumvi ya fosfeti yenye pH kati ya 7.0 na 7.4, yaliyotiwa viuavijasumu ili bakteria wasiharibu sampuli. Kwa sampuli za koo na viungo kiasi kinachotumika ni penisilini yuniti 2,000, streptomaisini miligramu 2, jentamaisini mikrogramu 50 na mikostatini yuniti 1,000 kwa kila mililita. Kwa kinyesi na tundu la haja viwango hivyo huzidishwa mara tano. Maji ya bomba, spiriti na fomalini si mbadala. Kirusi cha sampuli iliyowekwa kwenye fomalini hakiwezi tena kuoteshwa, yaani kukuzwa maabara, na PCR yake huwa ngumu na isiyoaminika.

Baridi inayotakiwa ni nyuzi 4, na kwa baridi hiyo sampuli huvumilia hadi siku nne. Zaidi ya hapo zinahitaji friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Friza ya nyumbani ni mtego: umeme ukikatika na kurudi, sampuli inayeyuka na kuganda tena, na kila mara virusi vinapasuka. Ni heri kisanduku cha baridi chenye barafu inayobadilishwa kila siku kuliko friza isiyoaminika, ila mirija isigusane na barafu moja kwa moja.

Ufungaji uwe wa tabaka tatu: mrija uliofungwa na kuzungushiwa utepe, mfuko usiovuja wenye karatasi au pamba ya kunyonya kitakachomwagika, halafu kisanduku kigumu chenye alama ya UN 3373, ya kimataifa ya sampuli za kibayolojia. Fomu ikae nje ya mfuko wa pili, ndani ya nailoni yake. Mara nyingi barafu huyeyuka, wino wa kawaida hufutika kwenye mirija, na sampuli nzuri inafika bila jina. Kalamu ya wino usiofutika ni kitu kidogo kinachookoa kazi kubwa. Fomu iseme aina ya ndege, umri, idadi ya kundi, waliokufa kila siku tangu dalili zianze, sampuli ni ya koo au ya nyuma, saa iliyochukuliwa, na tarehe ya chanjo ya mwisho ya mdondo.

Hiyo tarehe ya chanjo inaachwa tupu mara nyingi, na ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, na mafua makali ya ndege hazitenganishwi kwa macho. Zote huleta kuvimba kichwa, rangi ya buluu kwenye kilemba, kuhara, shingo kupinda na vifo vya ghafla. Nchini kwetu, kuku wa kienyeji wakifa kwa wingi, mdondo ndio wa kushukiwa kwanza, na mara nyingi shuku hiyo ni sahihi. Mazoea hayo ndiyo yanayotutia hofu. Siku mafua makali yatakapoingia, watu watayaita mdondo kwa wiki ya kwanza.

Mfugaji naye, akiona vifo, hukimbilia chanjo. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini kwa jina la TEMEVAC, ni ya kirusi hai, hivyo kuku aliyechanjwa juzi anaweza kuonyesha mdondo kwenye PCR bila kuwa mgonjwa wa mdondo. Maabara ikijua tarehe, itapima sehemu ya kinasaba inayotenganisha kirusi kikali na kile cha chanjo. Isipojua, inaweza kumwambia mwenye banda kwamba tatizo ni mdondo huku mafua yakiendelea kusambaa.

Idadi ya sampuli nayo ina hesabu yake. Kundi linalokufa halihitaji sampuli nyingi, mizoga mitano mipya na wagonjwa watano wanatosha kuanzia. Kwa kundi lisilo na dalili, kama unataka uhakika wa asilimia 95 wa kumpata mgonjwa pale ambapo angalau mmoja kati ya kumi ameambukizwa, unahitaji ndege 29 au 30. Ikiwa ni mmoja kati ya ishirini, ni 59. Kupima kuku watatu wazima katika banda la 5,000 na kuandika kwamba banda ni salama ni kupoteza vitendanishi, yaani kemikali za kupimia.

Ndani ya maabara, kazi huanza kwa kutoa vinasaba vya kirusi, ambavyo ni RNA, kwa kutumia safu za kuchuja au chembe za sumaku. RNA huvunjika haraka. Mkono usio na glavu unatosha kuimaliza. Baada ya hapo hupimwa kinasaba cha M, ambacho kipo kwenye mafua A yote, na sampuli zenye M hupimwa H5 na H7. Mashine hurudia mizunguko 40 hadi 45 ya joto, na kila mzunguko huongeza vinasaba karibu mara mbili. Namba ya Ct ni mzunguko ambao mwanga wa kirusi umeanza kuonekana. Tofauti ya mizunguko 3.3 ni mara kumi, kwa hiyo kuku mwenye Ct ya 20 ana virusi kama mara elfu moja zaidi ya mwenye 30. Ct ya zaidi ya 35 isitangazwe bila kurudiwa, ikiwezekana kwa sampuli mpya.

Hesabu hiyo inaonyesha pia namna ya kubana gharama. Ukichanganya vimiminika vya ndege watano kwa kiasi sawa na mmoja tu ndiye mgonjwa, kirusi chake kimepunguzwa mara tano, na Ct yake imesogea mizunguko miwili na kidogo. PCR inavumilia hilo vizuri, mradi ndege ni wa aina moja, wa banda moja, na sampuli ni za sehemu moja ya mwili. Kwenye kibao, upungufu wa mara tano unaweza kufuta mstari kabisa.

Mambo mawili hudanganya PCR kimyakimya. La kwanza ni vizuizi vya kinyesi: mashine haioni kitu, na jibu linaonekana safi. Ndiyo maana kila sampuli lazima iwe na kiashiria cha ndani, yaani kinasaba kinachojulikana kinachowekwa ili kionekane daima. Kisipoonekana, jibu ni batili. RNA ichanganywe na maji safi ya maabara, sehemu moja kwa tisa, ipimwe upya. La pili ni uchafuzi: vinasaba vilivyozalishwa jana vikielea hewani na kuingia kwenye mirija ya leo, kila sampuli inageuka mgonjwa. Chumba cha kuchanganyia vitendanishi, cha kutolea RNA na cha mashine viwe mbalimbali, na mtu asirudi nyuma na koti lile lile. Sampuli ya maji matupu, inayopimwa pamoja na nyingine kama ya kulinganishia, isipobaki tupu, majibu yote ya siku hiyo yatupwe, hata kama simu kutoka juu hazikomi.

Kirusi chenyewe pia hubadilika. Vipande vya vinasaba tunavyotumia kukitafuta, praima na probu, visipolingana nacho tena, PCR nayo hukipita. Dawa ya hilo ni kupeleka baadhi ya sampuli kwenye maabara za rejea za kimataifa, kama ya Padova nchini Italia na ya Weybridge Uingereza, zisome mpangilio wa vinasaba, pamoja na sehemu ya kinasaba cha H inayoonyesha kama kirusi ni kikali.

Neno kwa wanaochukua sampuli: vipo vimiminika vinavyoua kirusi papo hapo na kulinda RNA bila barafu, na kwa wilaya za mbali ni msaada mkubwa, ingawa kirusi hakiwezi tena kuoteshwa. Vingi vina chumvi ya gwanidini. Vikimwagika visifutwe kamwe kwa dawa ya klorini kama jiki, kwa sababu mchanganyiko huo unaweza kutoa gesi ya sayanidi. Futa kwa karatasi na maji ya sabuni kwanza. Na mizoga isipasuliwe kijijini. Kijiti cha koo kinatosha, na mchukuaji avae barakoa ya N95, miwani na glavu. Hong Kong mwaka 1997, H5N1 iliambukiza watu 18 na kuua 6.

Kuhusu mashine ndogo za PCR zinazotumia betri na kipimo cha LAMP, kinachozidisha vinasaba kama PCR lakini kwa joto moja la nyuzi 60 hadi 65 kwa chini ya saa moja, tunaviunga mkono kwa maeneo ya mbali, lakini havifuti hata moja ya kanuni za sampuli tulizoeleza. LAMP huchafuka upesi mno mrija ukifunguliwa baada ya kipimo, na mashine ya betri bila katriji, yaani vifuko vyake vya vitendanishi, ni pambo la ofisi.

Tunachoiomba serikali ni mambo ya kawaida yanayowezekana. Kila halmashauri iwe na vijiti sahihi, mirija yenye maji ya kusafirishia, fomu na kisanduku cha baridi kabla ugonjwa haujafika, na bajeti ya kulipia usafiri wa sampuli isiwe mfuko wa afisa mifugo. Mikoa ya Mwanza, Mara na Kagera ianze. Januari 2017 kirusi cha H5N8 kiliua ndege wa porini katika ghuba ya Lutembe, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, kikaua pia bata na kuku wa Masaka, na Kenya ikazuia kuku na mayai kutoka Uganda. Ziwa ni lile lile na ndege wanaohama ni wale wale. Pia vitendanishi viagizwe kwa kalenda, si kwa dharura. Probu huharibiwa na mwanga, vimeng'enya huharibiwa na joto, na vinavyonunuliwa kwa wingi mara moja huishia kuisha muda vikiwa kwenye friza.

Ombi letu la mwisho ndilo tunalolisisitiza zaidi. Sampuli ya kuku waliokufa isipimwe mafua peke yake. RNA iliyotolewa ni moja na inatosha kupima mafua na mdondo pamoja, kwa vitendanishi tofauti, siku moja. Mfugaji aliyepoteza kuku 300 na kuambiwa tu kwamba si mafua ya ndege hajasaidiwa; mwaka ujao hatapiga simu. Akiambiwa kwamba ni mdondo mkali, chanja waliobaki wazima, choma au fukia mizoga, rudia chanjo kila miezi mitatu, atapiga simu tena hata siku ambayo ugonjwa ni mwingine. Ikiwa jibu ni H5 au H7, taarifa kwa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani inapaswa kwenda ndani ya saa 24 baada ya kuthibitishwa. Mwenye banda naye apigiwe simu siku hiyo hiyo, ajue ndege wake watateketezwa lini, na fidia yake italipwa na nani.

Wataalamu wa maabara za mifugo,
Dar es Salaam